Mayai Tisa na Kopo Moja la Vidonge

Nyie mnaoandika "mimi ilinisaidia" chini ya kila habari ya dawa mtandaoni, mnanichosha. Hamsemi ilisaidia nini. Hamsemi mlikuwa mnatumia nini kingine, wala daktari alibadilisha nini wiki ile ile. Mnatupa maneno mawili, mnaweka viganja viwili vya shukrani, mnaenda zenu. Halafu kuna mwanamke wa miaka thelathini na tisa anayasoma maneno yenu mawili kama amri ya mahakama.

Najua mtasema hao wanaoamini hawana akili. Basi ngojeni niwaambie habari ya Jicho, halafu mniambie nani kati yenu anamzidi akili.

Kiwanda anachofanya kazi kinashona mashati. Kila mtu anashona kipande kimoja tu, siku nzima, mwaka mzima, mpaka jina alilopewa na wazazi wake linasahaulika. Anayeshona kola anaitwa Kola. Wa vifungo ni Vifungo. Kuna mama mmoja mnene, mcheshi, anaitwa Mkono wa Kushoto, maana wa kulia una mwenyewe, na wawili hao hawapatani. Jicho yuko mwisho wa laini ya mashine. Yeye hashoni, anakagua. Shati likifika mezani kwake analigeuza ndani nje, analivuta begani, anapitisha kidole gumba kwenye vifungo, analiinua kwenye mwanga wa dirisha. Lenye kasoro linapigwa alama ya chaki na kurudishwa kwa mwenye kosa. Haamini lebo, haamini neno la mtu, haamini hata shati alilolipitisha mwenyewe jana. Wenzake husema siku ya harusi alimgeuza bwana harusi ndani nje akitafuta uzi unaoning'inia.

Huyo ndiye aliyedanganyika. Sikilizeni sasa.

Ndoa ilikuwa na miaka saba bila mtoto. Mumewe ni fundi wa friji, mtaani wanamwita Baridi, na kweli ni mtu wa baridi, hana haraka wala kelele. Walipimwa wote wawili, wakazunguka, mwisho wakafika kwenye kliniki ya matibabu ya uzazi. Mpango ulikuwa hivi: mwanamke anachomwa sindano kwa siku kumi au kumi na mbili ili ovari zikuze mayai mengi kwa mpigo, mayai yanavunwa, yanarutubishwa maabara, kisha kiinitete kinarudishwa tumboni.

Jicho akachomwa siku kumi na mbili. Likavunwa yai moja. Nalo halikurutubika.

"Ovari zako haziitikii vizuri," daktari akamwambia. Daktari ni mama wa makamo, anaongea polepole, anaandika huku anakutazama.

Neno hilo Jicho alitoka nalo. Haziitikii. Aliziona ovari zake kama watoto wawili wanaoitwa na mama yao, wao wamejificha chini ya kitanda, kimya.

Huko huko kliniki ndiko alikogongana na Kola. Wamekaa laini moja miaka mitano, hakuna aliyejua shida ya mwenzake.

"Nimekuja kumwona shangazi yangu, kalazwa," Kola akasema haraka.

"Na mimi," Jicho akajibu.

Wakatazamana. Kliniki ile haina hata kitanda kimoja cha kulaza mtu. Wakacheka mpaka mhudumu akawanyamazisha, na tangu siku hiyo wakawa mtu na shoga yake. Kola naye ovari zake zilikuwa hazijibu, na yeye umri ulikuwa umeshamkimbia mbali kuliko Jicho.

Kola ndiye aliyemwingiza Jicho kwenye kundi la simu la wanawake wanaotafuta mtoto. Mle ndani kila siku kuna dawa mpya. Mwezi ule ilikuwa melatonini. Ni kitu ambacho mwili wenyewe hutengeneza giza likiingia, ili usingizi uje, ila siku hizi kinauzwa kwa vidonge. Wanawake wakasema kidonge kimoja kabla ya kulala, miezi mitatu kabla ya sindano, na ovari zitaamka. Jicho akanunua kopo la vidonge mia. Daktari hakumwambia. Aliogopa atakatazwa.

Kopo akaliweka jikoni, kwenye rafu ya chumvi na majani ya chai. Mama mkwe, anayeishi nao, akaliona siku ile ile.

"Vya nini hivi, mwanangu?"

"Vya usingizi, Mama. Kelele za mashine zinabaki kichwani."

Hakusema uongo, ila hakusema ukweli. Kisa ni kwamba mama mkwe mtaani wanamwita Redio. Mama mwema, moyo mweupe, lakini ukimwambia jambo asubuhi, saa sita mchana unaulizwa na muuza mkaa. Baridi na mkewe waliapa hatajua lolote mpaka mimba ishike. Hata sindano zilipoanza tena, zilikaa kwenye friji karakanani kwa Baridi, na kila jioni Jicho alipita huko akitoka kazini, akachomwa nyuma ya mafriji mabovu huku mumewe anapiga mluzi ili wateja wadhani anatengeneza kitu.

Miezi mitatu ya vidonge. Siku kumi na moja za sindano. Akavunwa.

Mayai tisa.

Jicho alimwomba muuguzi arudie. Muuguzi akarudia. Tisa. Bado ana usingizi wa dawa, mdomo mzito, akaomba simu yake. Akaandika kwenye kundi: "Mara ya kwanza moja. Sasa TISA. Ni melatonini, dada zangu, msiache." Akaongeza jambo alilokuwa amelichunguza mwenyewe, maana yeye ni mkaguzi: "Vya kweli vina utamu kidogo vikigusa ulimi. Visivyo na utamu ni feki, tupa."

Mioyo ya rangi zote ilimiminika. Na Kola, ambaye wiki hiyo alikuwa ameambiwa na daktari yule yule aanze sindano mwezi huo huo bila kuchelewa, akapiga simu kliniki, akasema atakuja baada ya miezi mitatu. Anataka kwanza aandae ovari zake kama shoga yake.

Hapo ndipo penye kesi nzima. Kola hakuwa na miezi mitatu ya kuchezea. Daktari alimwambia wazi: akiba ya mayai yake ni kidogo na inashuka. Yeye akasikia tisa.

Akaanza kutafuta vidonge vitamu. Kopo la kwanza, akalamba, vichungu. Akatupa. La pili na la tatu, havina ladha. Akatupa. La nne, aliloletewa na mtu anayejuana na mtu, vilikuwa vitamu kama pipi. Akaanza na kimoja, akapanda viwili, akafika vinne, kwamba yeye ana mwendo mrefu zaidi wa kufidia. Asubuhi anakuja kazini macho yamevimba. Mezani kwa Jicho zikaanza kufika kola zilizoshonwa juu chini. Siku moja kumi na moja kwa mpigo. Jicho anazipiga chaki, anazirudisha, anacheka.

"Shoga, leo umeshonea watu wanaotembea kwa kichwa?"

"Niache. Dawa inafanya kazi."

Jicho naye akaamini inafanya kazi. Mimba yake ilikuwa imeshika. Utamwambia nini?

Wiki ya kumi ya mimba, Jumapili mchana, Baridi na mkewe wakaona sasa mama aambiwe. Walikuwa mezani, chai mbele yao. Mama mkwe ana kisukari, kwenye chai yake haweki sukari ya kawaida. Anatia vile vidonge vidogo vyeupe vya kutia utamu, viwili kwa kikombe.

"Mama," Baridi akasema, "mkweo ana mimba."

Mama mkwe hakupiga kelele. Aliweka kijiko chini, akavuta upande wa kanga, akajifuta macho yote mawili kwa zamu. Halafu akatabasamu kwa majivuno, kama mwenye siri.

"Nilijua," akasema. "Nilijua itashika tu tangu nilipokuondolea ule mzigo."

"Mzigo gani, Mama?" Jicho akauliza.

"Vile vidonge vyako vya usingizi. Mwanangu, mtu anatafuta mtoto, halafu anakunywa dawa ya kulaza? Unaulaza mwili, na kizazi nacho kinalala humo humo. Nilikaa nikawaza, nikimkataza ataona mama mkwe anamwonea. Basi nikavibadilisha kimya kimya."

Jicho akaweka kikombe chini. "Ukavibadilisha na nini?"

Bibi akakisukuma kile kichupa chake cha vidonge vya chai katikati ya meza. "Na hivi. Havina madhara. Na ni vidogo vidogo kama vyako, usingejua."

Chai ikamtoka Baridi puani. Jicho hakumwangalia. Aliinuka, akaenda kwenye rafu, akachukua kopo lake ambalo lilikuwa bado na vidonge vichache, akavimwaga juu ya kitambaa cha meza. Akamwaga na vya mama mkwe pembeni. Akainama. Akavigeuza kimoja kimoja kwa ukucha. Akaviinua kwenye mwanga wa dirisha. Vyote vilikuwa kitu kimoja. Na hapo akakumbuka kwamba vile vya siku za mwanzo vilikuwa na mstari katikati, wa kukatia. Hivi havina mstari. Mwanamke anayeona mshono mmoja uliorukwa kwenye shati lililotundikwa ng'ambo ya ukumbi, kameza vidonge visivyo na mstari karibu miezi mitatu, kila siku, kwa maji, akasema ndivyo.

"Tangu lini, Mama?"

"Wiki ya kwanza haikwisha."

"Vyangu ulivitupa?"

"Dawa haitupwi, mwanangu. Nilimeza mwenyewe. Mimi kizazi changu kimeshastaafu, kilale tu. Na nimelala, jamani, nimelala kama gogo. Ujana wangu wote sikulala hivyo."

Ni kweli, Baridi akakumbuka baadaye, mama yake miezi ile alikuwa anaamshwa kwa kugongewa mlango.

"Na nimewaambia na akina mama wa mtaani," bibi akaendelea, "wenye wakwe wasioshika mimba. Waangalie rafu za jikoni. Ushahidi si huu, umekaa mbele yangu?"

Jicho akakaa. Mbele yake kulikuwa na mwanamke mwingine mwenye ushuhuda. Mgonjwa ni yule yule, mimba ni ile ile, na sababu ni kinyume kabisa. Na huyu alikuwa na hakika kama yeye alivyokuwa na hakika. Hakumkasirikia mama mkwe. Alikuwa anahesabu wiki. Siyo zake, za Kola. Wiki ya nane tangu aandike lile andiko.

Jumatatu alikuwa na miadi kliniki. Aliingia, hata mkoba hajauweka chini akamwaga yote, kuanzia kopo mpaka kichupa cha chai. Daktari alisikiliza, kalamu imesimama.

"Kwa nini hukuniambia ulikuwa unameza?"

"Niliogopa utanizuia."

"Lakini kumbe hukuwa unameza."

"Nilidhani nameza."

Daktari akafikicha macho. Akafungua faili, akaligeuza ili Jicho asome. "Mara ya kwanza ulianza na kipimo hiki. Mara ya pili nikakiongeza, nikakuwekea na aina ya pili ya sindano. Hapa. Nilikueleza, wewe ukaitikia kwa kichwa."

Jicho alikumbuka kuitikia kwa kichwa. Siku ile mawazo yalikuwa kwenye kopo.

"Kwa hiyo ni sindano ndizo zilizoleta tisa?"

"Huenda. Na mwezi na mwezi havilingani, hata kwa mwanamke mmoja. Mimi mwenyewe siwezi kukuapia."

"Na melatonini ni uongo?"

"Sijasema hivyo. Inachunguzwa. Wapo watafiti walioona dalili nzuri kwenye mayai, wapo ambao hawakuona tofauti, na kama inaongeza watoto wanaozaliwa, bado hakuna jibu la kusimamia. Ungeniuliza ningekwambia hivyo hivyo. Wengine nawaruhusu waitumie, kwa kipimo ninachokijua. Lakini sindano hazisubiri kidonge." Akageuza ukurasa. "Na huyo mama mkwe anatumia dawa za kisukari, sivyo? Mwambie aende kwa daktari wake na kopo lako. Leo."

Jicho akasogeza kiti. "Na kama kuna mtu, ana miaka thelathini na tisa, mayai yamebaki machache, akaamua kusubiri miezi mitatu ameze kwanza?"

Daktari akafunga faili. Habari za wagonjwa wengine hazitoi, na Jicho alijua. "Mtu huyo," akasema, "ningependa nimwone wiki hii."

Kesho yake kiwandani, Jicho hakuvaa hata aproni. Alipita katikati ya laini moja kwa moja mpaka kwenye cherehani ya Kola. Mashine zinanguruma, Kola kainamia kola, kope nzito.

"Kola, zima kidogo."

"Nina mashati sitini, shoga. Na wewe utanirudishia nusu."

"Zima."

Akazima. Mkono wa Kushoto, jirani yake, naye akazima, yeye hakuambiwa.

Jicho alisema kama anavyokagua, bila kuruka kitu. Kwamba hakumeza melatonini zaidi ya siku tano sita. Kwamba mama mkwe alibadilisha. Kwamba daktari alibadilisha sindano na yeye hakusikiliza.

"Lakini utamu," Kola akasema. "Mimi vyangu ni vitamu."

"Utamu ni wa vidonge vya chai, Kola. Vya kisukari. Sijui wewe umeuziwa nini."

Mkono wa Kushoto akaanza kucheka, akaona sura ya Kola, akakimeza kicheko.

"Rudia," Kola akasema.

Jicho akarudia.

Kola alikaa anatazama sindano ya cherehani. "Nimelamba makopo manne kama mbuzi," akasema polepole. "Nimetupa matatu. Huenda hayo matatu ndiyo yalikuwa ya kweli."

"Huenda."

"Daktari aliniambia anza. Nikamwambia ngoja, kuna mtu namwamini. Unajua kwa nini nilikuamini wewe? Kundi lile lina watu elfu mbili, nisingemwamini yeyote. Nilisema huyu ni Jicho. Huyu shati la bosi mwenyewe alilipiga chaki."

Jicho akamwekea mkono begani.

"Wewe wako yuko tumboni," Kola akasema. Hakupaza sauti, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. "Mimi nina wiki nane zimekwenda. Utanirudishiaje?"

"Twende kliniki sasa hivi. Nitakuombea ruhusa kwa msimamizi."

"Usinishike." Kola akaondoa mkono wa Jicho begani kwake, akachukua mkoba, akapita katikati ya laini na aproni yake mwilini. Ruhusa hakuomba. Msimamizi akafungua mdomo. Mkono wa Kushoto akamwambia, "Baba, hili acha lipite," naye akaufunga.

Mchana huo Jicho aliketi chooni, mahali pekee penye kimya, akaandika kwenye kundi. Aliandika marefu. Mayai tisa ni kweli, melatonini si kweli, utamu ni wa vidonge vya chai vya mama mkwe, daktari aliongeza sindano na mimi sikuwaambia. Nisameheni. Kama mmeahirisha matibabu kwa ajili yangu, pigeni simu kliniki zenu leo.

Mnadhani walimshukuru? Wa kwanza akaandika: "Ameshapata wake, sasa anatufungia mlango." Wa pili: "Mimi ilinisaidia." Wa tatu akaandika kwamba kampuni za sindano zimemlipa. Lile andiko la kwanza lilikuwa na mioyo mia saba. Hili lilipata kumi na nne. Halafu akaja mmoja, mpole, mwenye adabu zote, akauliza: "Dada, hivyo vidonge vya chai ni vya kampuni gani? Na unameza viwili au kimoja?"

Wakafuata wengine thelathini wanaotaka kujua hivyo hivyo.

Jicho aliyasoma maswali hayo mara tatu, akaiweka simu sakafuni, akaiangalia kama mdudu.

Jibu lake mle ndani lilikuwa fupi: "Sisemi." Na mpaka leo hajasema.

Kola alipokelewa kliniki siku ile ile. Vidonge vyake vitamu daktari alivichukua, akasema hajui ni nini na hatamruhusu ameze kitu kisichojulikana. Sindano zikaanza mzunguko uliofuata. Ninavyoandika hapa yuko siku ya nane. Kipimo cha jana kilionyesha vifuko vitatu vya mayai vinavyokua, viwili vizuri, kimoja kinasuasua. Wiki nane zile zilipunguza kitu? Daktari hajui, Jicho hajui, wala mimi. Kola zake sasa zinafika mezani zimenyooka, ila yeye haongei na Jicho, na Jicho anazigeuza ndani nje bila neno. Jana tu, Kola akipita kwenda nyumbani, alisimama mbele ya meza ya ukaguzi, akamwambia bila kumtazama: "Vitatu." Jicho akaitikia kwa kichwa, na safari hii alikuwa amesikia.

Sasa wewe, ombi langu ni moja. Kama uko kwenye matibabu na kuna kidonge unakimeza ambacho daktari wako hajui, mara ijayo usimsimulie tu. Beba kopo lenyewe, lifungue mezani kwake, mwage vilivyomo, mvitazame wote wawili.